Wiki niliyomsaka "nobody" kwenye folda ya pamoja ya duka la Makandana

Wakuu, heshima kwenu wote, wa zamani na wapya.

Kila wiki naona humu mtu analia kwamba folda ya pamoja kwenye Linux inamgomea, "permission denied" haimwachi apumue. Na kila wiki anajibiwa lile lile: piga chmod 777, amri ya kumruhusu kila mtu kila kitu, ukalale.

Leo nawaletea kisa changu. Yalinikuta mimi mwenyewe, sijatia chumvi. Majina tu nimebadilisha, maana wahusika wapo hai, na mmoja wao anashinda mtandaoni kuliko mimi.

Kwanza mnijue. Kwetu ni Lupepo, wilaya ya Rungwe. Shule niliiacha kidato cha pili. Sikufukuzwa na wala sikuwa mjinga, nilishindwa tu kukaa sehemu moja. Nimechuma chai, nimepakia ndizi kwenye malori, nimetengeneza redio Kyela, nimeuza nguo za mitumba Mbeya mjini.

Ilikuwa enzi zile milango ya biashara imefunguliwa na kila kitu kinaingia kikiwa kimeshatumiwa na mtu mwingine: mashati, baiskeli, majokofu, mwishowe kompyuta. Siku moja kwenye rundo la magazeti ya kigeni nikakuta moja lina CD ya Linux imebandikwa kwenye jalada. Sikujua ni kitu gani. Nilikuja kujua kwamba ni mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows, baada ya kuiweka kwenye kompyuta ya rafiki yangu na kumfutia kila alichokuwa nacho.

Tuendelee.

Baada ya kuzungukazunguka nikarudi nyumbani, nikafikia Tukuyu mjini, kata ya Makandana. Pale kulikuwa na duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi. Mwenye duka alikuwa mwalimu mstaafu, tumwite Mwalimu Ambakisye. Mtu wa miwani mizito na kalamu nyekundu mfukoni. Ukimwandikia barua yenye kosa anakurudishia imesahihishwa.

Mwanawe mmoja aliyekuwa Dar alimletea kompyuta tatu za mitumba. Windows zake zilijaa virusi mpaka zinawaka kwa kubembelezwa. Nikamwambia Mwalimu, mimi naweza kuziweka Linux, hakuna kirusi kitakachosogea.

"Umesomea wapi?" akaniuliza.

"Sijasomea, Mwalimu. Nimeharibu nyingi."

Akacheka. Akasema angalau huyu hadanganyi, mpeni chai.

Sasa sikilizeni jinsi duka lilivyokaa, maana kisa chote kiko hapo.

Mbele kulikuwa na kaunta, ndipo Mwalimu alipokaa. Nyuma kulikuwa na chumba chenye mlango wake wa uani, na katikati ukuta wa plywood. Chumba cha nyuma alikaa mpiga chapa, dada mmoja mzaliwa wa Kinyala, tumwite Atupele. Amemaliza kidato cha nne, vidole vyake vinakimbia kuliko mvua ya Tukuyu kwenye bati.

Atupele alikuwa mke wa mtoto mwingine wa Mwalimu, yule anayefanya kazi kiwanda cha chai. Yaani alikuwa mkwe wake.

Wanyakyusa wenzangu mmeshaelewa. Kwa wengine: kwetu mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani anapinda kwenye majani. Hali naye, hamwangalii, wala hamtaji kwa jina. Si ugomvi, ndiyo heshima yenyewe. Siku hizi mjini watu wamelegeza, lakini nyumba ile ilikuwa haijalegeza sana. Ndiyo maana ya ule ukuta. Mwalimu akitaka kupita uani alikuwa anakohoa kwanza mara mbili, Atupele anageukia dirishani na kuvuta khanga.

Kabla sijafika, kazi zilikuwa zinapita ukuta kwa mikono ya mama mkwe. Anachukua karatasi huku, anapeleka kule. "Mimi ni posta," alikuwa akisema, "tena posta isiyo na sikukuu."

Nikawatengenezea network. Kompyuta moja nikaifanya seva, nikaiweka chini ya kaunta. Mbili zilizobaki, moja ya Mwalimu na moja ya Atupele. Kwenye seva nikaweka Samba, programu ya kugawana mafaili, na folda moja ya pamoja, nikaiita kazi. Atupele anachapa, anahifadhi mle. Mwalimu anafungua upande wake, anasahihisha, anahifadhi.

Wakuu, ile siku ya kwanza faili lilipotokea kwa Mwalimu bila mtu kulibeba, mama mkwe alipiga vigelegele. Alisema amestaafu leo.

Mwalimu naye akatikisa kichwa: "Hii mashine imelelewa vizuri."

Furaha ile ilidumu siku nne.

Usharika mmoja pale Tukuyu ulikuwa unaandaa jubilei, na duka likapewa kuchapa kitabu cha nyimbo za kwaya. Nyimbo sitini, nyingine Kiswahili, nyingine Kinyakyusa. Ijumaa saa sita mchana gari la usharika lilikuwa liondoke na diski kwenda kwa mpiga chapa Mbeya.

Jumatatu asubuhi Mwalimu anafungua wimbo aliochapa Atupele, anaona kosa, anasahihisha, anahifadhi. Inagoma. Anajaribu mwingine. Inagoma. Kusoma anasoma, kugusa hawezi.

Akaniita. Mimi nikafanya kile mnachofanya nyinyi. Nikakaa kwenye seva, chmod -R 777, folda nzima. Mwalimu akahifadhi, nikanywa chai.

Jumanne asubuhi, nyimbo mpya zimegoma tena. Chmod 777. Chai.

Mchana ule Mwalimu akanivuta pembeni, akashusha sauti ili isivuke plywood.

"Kijana, niambie ukweli. Mtu anaweza kufunga faili lake ili mwingine asiliguse?"

"Anaweza, Mwalimu."

"Basi mkwe wangu ananifungia."

Nikamwambia hapana, huenda ni mashine. Akasema mashine haina sababu ya kumfungia mtu, binadamu anayo. Alikuwa amesikia maneno ya watu kwamba Atupele anataka kufungua duka lake karibu na stendi. Na hakuweza kumuuliza, kwa sababu hawasemezani. Mama mkwe alikuwa ameenda Lupepo kwenye msiba wiki nzima, kwa hiyo hata posta haikuwepo.

"Ijumaa kitabu kisipotoka," akasema, "kompyuta zote zinarudi kwenye maboksi. Nitatoa taipureta zangu stoo, nichape mwenyewe. Na yeye atarudi Kinyala akalime."

Atupele aliipenda ile kazi kupita kiasi. Alikuwa anafika kabla ya umande kukauka. Na aliyeleta balaa la network ni mimi.

Jumatano niliacha ubishi, nikafanya nilichopaswa kufanya Jumatatu: ls -l. Kwa wageni, hiyo inakuonyesha kila faili ni la nani, la kundi gani, na nani anaruhusiwa nini.

Nikategemea kuona mafaili ya atupele. Sikuona hata moja. Nyimbo zote za asubuhi mwenyewe ameandikwa nobody. Kundi nogroup.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu na miwani yake.

"Huyu nobody ni nani ndani ya duka langu?"

"Si mtu, Mwalimu."

"Si mtu na anachapa nyimbo za kwaya?"

Nikaingia kwenye maelekezo niliyokuwa nimeprinti kurasa nyingi, nikayasoma yote na Kiingereza changu cha kidato cha pili. Nikaelewa kwamba nimekuwa mpumbavu na ile 777. Nilikuwa nikifungua milango iliyokuwepo, wakati kila wimbo mpya unazaliwa na mlango wake umefungwa.

Nikafanya kazi ya kiume. Nikaunda kundi, nikamwingiza Mwalimu na Atupele. Folda nikaipa kundi lile, nikaweka setgid ili kila faili jipya lirithi kundi la folda. Ruhusa za folda nikaziweka 2775, yaani wa kundi waandike, wengine wasome tu. Kwenye smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, nikaandika create mask 0664, ili mmoja akihifadhi, mwingine wa kundi aweze kuandika.

Nikaenda chumba cha nyuma. Nikazima kompyuta ya Atupele, nikaiwasha, nikabonyeza kile kitufe nilichomtengenezea cha kuunganisha folda. Kinatoa kidirisha cheusi, jina lake limo tayari, kinauliza password. Nikaandika password. Nikahifadhi faili la majaribio. Nikaenda kwenye seva: mwenyewe atupele, kundi sahihi, ruhusa sahihi. Mwalimu akalifungua, akaandika "mtihani umepita," akahifadhi. Limekubali!

Siku ile nzima hakuna kilichogoma. Nilitembea Makandana kama mtu aliyejenga daraja.

Alhamisi asubuhi, folda haijaongezeka.

Hakuna wimbo mpya hata mmoja. Saa tatu, hakuna. Saa tano, hakuna. Nasikia vidole vya Atupele vinakimbia nyuma ya plywood, lakini kwenye folda hakuna kitu.

Mwalimu alitoka, akarudi na taipureta moja kutoka stoo, akaiweka juu ya kaunta, akaanza kuifuta vumbi taratibu.

Nikazunguka uani mbio.

"Dada, mbona huhifadhi?"

"Nahifadhi inakataa, fundi! Imenikataa tangu asubuhi. Naziweka hapa hapa kwenye kompyuta yangu." Alikuwa na machozi karibu. "Tena mimi nilidhani ni nyinyi huko mbele mmenifungia."

Kwa hiyo sasa kila upande wa ukuta unaamini upande wa pili umefunga. Na fundi yuko katikati.

Nikasema ngoja. Nikazima, nikawasha, nikaandika password, nikahifadhi. Imekubali. Akachapa mpaka jioni, vyote vikaingia.

Hapo ndipo akili ikaanza kunirudia, polepole, nikila ndizi za kuchemsha. Mchana inapona, asubuhi inaugua. Nikifungua mimi ni nzima. Nisipofungua mimi ni mgonjwa. Basi kuna kitu nakifanya mimi ambacho Atupele hakifanyi.

Ijumaa asubuhi nikamsubiri uani. Mvua inanyesha ile ya kwetu isiyo na haraka.

"Atupele, leo sigusi kitu. Nifanye kama sipo. Washa, ufungue folda kama unavyofungua kila siku."

Akawasha. Akabonyeza kitufe. Kidirisha cheusi kikauliza password. Akabonyeza Enter. Folda ikafunguka.

"Subiri. Umeandika nini pale?"

"Sijaandika."

"Kwa nini hujaandika?"

Akaangalia plywood. Akanisogelea, sauti ikawa ya kunong'ona.

"Kaka, kwenu Lupepo hamna wakwe?"

Wakuu, nilisimama pale kama nguzo ya umeme.

Nikiwapangia password nilitaka iwe moja ya wote, rahisi, isiyosahaulika. Nikaweka jina la mwenye duka. Kwa herufi ndogo: ambakisye.

"Lakini Atupele," nikamwambia, "hata halionekani kwenye kioo! Ukiandika pale panabaki peusi tu. Hakuna anayeliona."

"Vidole vyangu vinaliona."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nikwambie kuna neno siwezi, uniulize neno gani, nianze kulitaja?" Sasa alikuwa anacheka, kajifunika mdomo na khanga. "Halafu nilibonyeza Enter tupu, ikafunguka. Nikasema, ee, huyu fundi ni Mnyakyusa kweli. Amewafikiria hadi wakwe, ameniachia mlango wangu."

Yaani alikuwa ananishukuru moyoni wiki nzima!

Kilichotokea ni hiki. Ile smb.conf nilinakili mfano kutoka kwenye maelekezo, na ndani yake mlikuwa na mstari map to guest = bad password. Sikuuelewa, nikauacha kwa sababu mambo yalikuwa yanaenda. Maana yake: mtu akikosea password au akiiacha tupu, Samba haimfukuzi wala haimwambii. Inamwingiza kimya kimya kama mgeni. Na mgeni kwenye ile seva jina lake ni nobody.

Kila asubuhi Atupele anaingia kama mgeni. Folda ilipokuwa wazi kwa wote, kama nilivyoiacha tangu mwanzo, mgeni aliweza kuandika, lakini mafaili yake Mwalimu hawezi kuyagusa. Nilipoifunga vizuri kwa kundi, mgeni akakosa hata pa kuweka. Na mimi nikijaribu, kama nilivyowafungulia zile siku nne za mwanzo, naandika jina la Mwalimu bila hata kufikiri, maana si baba mkwe wangu.

Saa ilikuwa tatu na nusu.

Nikamwambia aniambie password anayotaka. Akasema hapana, geuka. Nikageukia dirishani, akaiandika mwenyewe mara mbili kwa smbpasswd, amri ya kubadilisha password niliyoifungulia kwenye kompyuta yake. Mpaka leo siijui, na ndivyo inavyotakiwa. Ule mstari wa mgeni nikaufuta. Mafaili yote ya nobody nikayarudisha kwa mwenyewe kwa chown, amri ya kubadilisha mwenye faili. Akaingia, akahifadhi, nikakimbia kwenye seva: atupele. Nikarudi nikamwambia zima, washa, rudia. Atupele. Mara ya tatu. Atupele.

Kisha nikaenda kwa Mwalimu. Taipureta ilikuwa tayari na karatasi ndani.

Nikamweleza yote. Nilitegemea anikalipie. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Kwa hiyo," akasema, "wiki nzima mkwe wangu alikuwa nje ya mlango kwa sababu ya kuniheshimu, nami nikawa ndani namsema kwamba amenifungia."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini kosa ni langu."

"Lako lipo, nitalifikia. Kwanza fungua hizo nyimbo."

Akazifungua. Alisahihisha kama mtu aliyerudishiwa ujana, kalamu nyekundu iko mfukoni haina kazi. Anahifadhi, inakubali, anagonga kaunta kwa kofi. "Imekubali! Nyingine!" Huko nyuma Atupele anaona masahihisho yanaingia, anacheka kwa sauti. Saa sita kasoro gari la usharika linapiga honi barabarani, mimi nanakili kwenye diski, dereva anauliza mbona mnapiga makofi, kuna mchumba?

Diski ikaondoka. Nyimbo sitini.

Duka likawa kimya, mvua tu kwenye bati. Mwalimu akaniuliza kama anaweza kuandika faili lake mwenyewe mle kwenye folda. Nikamwambia linaandikika. Akachapa kwa vidole viwili, muda mrefu, akahifadhi. Hakunizuia kusoma:

"Mwanangu. Nilikufikiria vibaya, nimekosa. Kompyuta hazirudi kwenye maboksi na wewe huendi popote. Hata mama mkwe wako akirudi kazi ya posta hatuirudishi. Asante kwa heshima yako. Ndaga fijo."

Hayo ya mwisho ni asante sana kwa Kinyakyusa. Tukasubiri. Nyuma ya plywood vidole vilisimama. Halafu vikaanza, vifupi.

Mwalimu akalifungua tena lile faili. Chini ya maneno yake, kwenye faili lake mwenyewe, kulikuwa na mistari miwili ambayo haikuwepo:

"Nimesoma, baba. Nami nilikufikiria vibaya, tumelingana.
Wimbo wa arobaini na moja, ubeti wa pili, ulipousahihisha umeruka neno."

Mwalimu akaisoma. Akafungua wimbo wa arobaini na moja. Akatazama. Halafu akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu wa umri ule, mpaka wa duka la jirani akaja kuchungulia.

"Kijana!" ananipungia mkono huku anafuta macho. "Amenisahihisha! Miaka yangu yote ya chaki, leo nimesahihishwa na mkwe wangu, tena ana haki! Kimbia, dereva hajafika mbali, alisema atajaza mafuta na ale kwanza!"

Nilikimbia kwenye mvua na diski ya pili, yenye wimbo uliorekebishwa, ndani ya shati. Nilimkuta.

Jubilei ilifana. Wimbo wa arobaini na moja waliuimba mara mbili, na ubeti wa pili ulikuwa kamili.

Nilichojifunza, wakuu. Cha kwanza, usijaribu tatizo la mtu kwa mikono yako. Kaa pembeni, mwache afanye mwenyewe, angalia. Ningefanya hivyo Jumatatu tungemaliza kabla ya chai. Cha pili, mstari usiouelewa kwenye config usiuache kwa sababu mambo yanaenda. Cha tatu, password ya watu wote ni password ya kijinga. Na cha nne, hiki hakimo kwenye maelekezo yoyote niliyosoma: kabla hujapanga nani aingie wapi, jua kwanza hao watu ni nani kwa nani.

777 sijaipiga tena tangu siku ile. Nilikaribia kidogo, mara moja, lakini nilijizuia.

Wataalamu wa Samba karibuni mnikosoe, hasa kwenye zile mask, maana mimi bado ni fundi wa kuokota. Na wewe ambaye mila za kwenu zimewahi kukuangushia mfumo uliodhani umeukamilisha, shusha kisa chako hapa chini tukisome. Najua hamuwezi kukosa.